Mama Yake Kifungo

Jua lilikuwa linazama nilipofunika cherehani yangu na kwenda kununua mbwa. Binti yangu hakuwa amecheka tangu tumzike mama yake, na alichotaka ni kitoto cha mbwa, kidogo, cheupe, cha mbegu safi. Wafugaji wa kweli walinitajia bei ya kunitoa jasho. Muuzaji mmoja wa nyuma ya gereji alitaka robo yake tu.

Nikajiona mjanja.

Muuzaji alinisimamisha getini. Harufu ya mkojo na dawa ya kusafishia ilinikaba koo.

"Naweza kumwona mama yake?" niliuliza.

"Amelala," alinong'ona. "Chukua, uende."

Nyuma ya bati kitu kilikuwa kinakwaruza. Krr... krr... Aliyelala hakwaruzi, hilo nililijua. Lakini bei ilikuwa tamu, nikalipa.

Binti yangu alimwita Kifungo, kwa ajili ya ile pua yake nyeusi ya mviringo. Akacheka! Nilijifungia chumbani nikalia kwa furaha.

Daktari wa mifugo hakucheka.

"Huyu alipaswa awe ananyonya bado. Ulimwona mama yake?"

"Niliuliza..."

"Sikuulizi kama uliuliza, ndugu yangu. Ulimwona?"

Kifungo alikataa chupa. Na magharibi hiyo, mlangoni...

Krr... krr...

Nikafungua. Hakuna kitu. Kizingitini tu palikuwa na matone meupe, na harufu ya maziwa ya vuguvugu. Ndani, Kifungo akalia kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Nikakomea mlango haraka.

Kesho yake hakuweza hata kuinua kichwa. Nikamwachia binti yangu, na jua likiinama nikarudi kwa muuzaji nimefura kwa hasira. Geti wazi. Vizimba vitupu. Bati la ndani lilikuwa limechanwachanwa kwa kucha, damu imekaukia.

Muosha magari wa jirani alinitazama kwa huruma.

"Amehama. Ndiyo tabia yake. Na yule jike alizalishwa mpaka akaisha. Nilimzika mwenyewe, asubuhi ya siku ile uliyokuja kununua."

"Lakini jioni ile nilimsikia..."

Akafungua bomba lake, akaendelea na kazi.

Nilikimbia. Mlango wa nyumba yangu ulikuwa wazi. Binti yangu ameketi kizingitini, Kifungo mapajani mwake, ameshakuwa wa baridi. Mdomoni Kifungo alikuwa na maziwa.

Bado yalikuwa na joto.

"Alikuwa anakwaruza huko nje, baba," alisema. "Nikamwonea huruma, nikamfungulia."

Tulimzika Kifungo uani, ndani ya kitambaa kizuri kuliko vyote nilivyonavyo dukani. Kukwaruza kumekoma. Ila kila magharibi binti yangu huenda mlangoni, akaondoa komeo, akakaa kusubiri.

"Yule alimfuata mtoto wake," aliniambia jana. "Mama yangu mbona haji?"

Nikaketi kando yake, na mlango tukauacha wazi.