Mguu wa Kushoto

Haya yalimkuta rafiki yangu mpiga picha, mtu asiyeamini hata ndoto zake. Mama mmoja alimletea picha ya marehemu bintiye, kichwa na mabega tu, akaomba ya mwili mzima. Rafiki yangu akaiagiza akili mnemba itoe picha nane kwa mpigo, mama achague.

Zote zikaja na mguu wa kushoto mtupu. Akaandika, “Viatu viwili.” Zikaja nane nyingine, mguu ule ule mtupu.

Umeme ukakatika.

“Samahani, mama. Mashine imekosea.”

“Haijakosea, mwanangu.”

Gizani akasikia zipu ya mkoba ikifunguliwa, kisha akawekewa kiganjani kiatu kidogo.

“Tulimzika na kimoja. Hiki nilikiona baadaye, chini ya kitanda.”