Keki ya Posa

"Pisheni! Pisheni jamani, keki inapita!"

Ukumbi wa harusi ulikuwa umefurika hadi mlangoni, lifti imekufa, na dada wa keki amekwama kwenye ngazi na keki ya safu tatu. Aliyepaza sauti ni fundi muziki, kijana mrefu wa shati la maua, nyaya begani. Alimfungulia njia mpaka mezani.

"Kwa nini huwa nyeupe?" aliuliza akijifuta jasho.

"Zamani sukari nyeupe ilikuwa ya matajiri. Watu walikuwa wanaringa tu. Habari za usafi wa bibi harusi zilikuja baadaye."

"Na urefu huu?"

"Waingereza wa kale walirundika vikeki, maharusi wabusiane juu yake bila kuviangusha. Wakiweza, neema tele."

"Nipe namba yako. Nina maswali mengi."

Maswali yalichukua mwaka mzima. Kijana alimwita Sukari, naye dada, kwa kelele za kijana huyo, akamwita Spika. Dada alimpa hata siri ya kazi: safu nyingine huwa povu gumu la plastiki lililopakwa sukari.

"Ila moja lazima iwe keki kweli," alimwambia. "Maharusi wakilishana wanaahidiana kutunzana. Utaahidije kwa povu?"

Ndipo akaja mteja mmoja mrembo, mcheshi, kuagiza keki ya posa. "Mposaji mwenyewe anaona haya, yuko garini," alisema. Dada wa keki akachungulia dirishani. Garini alikuwa Spika.

Wivu hauna subira ya kuuliza. Hakupokea simu ya Spika hata moja. Alipaka sukari juu ya povu, safu zote tatu, akapamba maua mazuri kuliko yote aliyowahi kupamba. Wakate, waumbuke!

Aliipeleka mwenyewe. Ukumbini akamkuta mama yake mzazi, kavaa gauni la zambarau, analia kwa furaha. Spika akapiga goti na pete mkononi. Yule mteja akapiga vigelegele.

"Wifi yangu! Kaka alisema keki iliyookwa na mtu mwingine hutaigusa, ndiyo maana tukaiagiza kwako!"

"Sukari, utakubali nikuoe?"

"Ndiyo. Ila keki tusikate, mpenzi. Nakuomba."

Watu wakacheka, wakidhani ni haya ya mchumba. Pete ikavishwa, mikono yao ikashika kisu pamoja. Kisu kikalia kwikwi kwenye povu, kikagoma.

Spika alielewa palepale. Alimvuta nyuma ya pazia.

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani unamuoa yeye. Nisamehe, Spika. Niliumia mno."

"Mimi nimekusamehe. Lakini huyo uliyemdhania mchumba wangu, alikukosea nini?"

Ukumbini mama wa Sukari alikuwa anawaita wakapige picha.

"Nakupenda, Sukari. Lakini siwezi kuoa mtu ninayemwogopa."

Spika alimpangusa machozi, mwenyewe akilia, akatoka kwa mlango wa nyuma. Pete hakuidai.