Kovu Moja Begani

Nikodemo anafuga ng'ombe kumi na wawili nje kidogo ya Zuzu. Mkewe, Restuta, analima mtama na karanga. Ni watu wa kazi, hawana maneno mengi.

Mwaka juzi walimzika mtoto wao wa kwanza, Erick, akiwa na miezi mitano. Alikohoa wiki tatu, mpaka pumzi ikamwishia. Daktari alisema ni kifaduro. Tangu siku hiyo Nikodemo hakutaka kusikia habari za chanjo. Erick alichanjwa alipozaliwa, na kovu alikuwa nalo begani. Chanjo ilimsaidia nini?

Sasa wana binti, Hilda, wa wiki sita. Restuta alitaka kumpeleka zahanati, Nikodemo akakataa katakata. Restuta alimwogopa mumewe, lakini kuzika tena aliogopa zaidi. Akaenda kumwita jirani yao, mama Ruthu, mhudumu wa afya wa kijiji.

Mama Ruthu alifuatana na Restuta, akamkuta Nikodemo zizini. Aliamkiwa shikamoo, akaitikia, akauliza kwanza habari za mifugo.

"Baba Erick, ng'ombe wako umewachanja kimeta?"

"Kila mwaka."

"Chanjo hiyo inazuia na ugonjwa wa chambavu?"

"Haizuii. Chambavu ina chanjo yake."

"Na kwa watoto ni hivyo hivyo. Kovu la begani ni la chanjo ya kifua kikuu. Ya kifaduro huchomwa pajani, kuanzia wiki ya sita. Erick alichomwa pajani?"

Erick hakurudishwa zahanati. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Restuta kwamba kovu lile linatosha, kama hereni anayovishwa ng'ombe aliyechanjwa. Aliketi chini, akalia mbele ya wanawake wawili bila kujificha.

Mama Ruthu alimwacha alie. Baadaye akawaeleza taratibu. Magonjwa haya huletwa na bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, na kila kijidudu kina chanjo yake. Chanjo ya kifua kikuu ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Ya kifaduro ina vijidudu vilivyokwisha kuuawa. Pepopunda na dondakoo huua kwa sumu, kwa hiyo chanjo zake ni sumu hiyo hiyo iliyoondolewa makali. Ya nimonia imetengenezwa kwa vipande vya ganda la kijidudu. Mwili ukikutana na vitu hivyo, unajifunza kupigana kabla ugonjwa haujafika. Lakini haujifunzi kwa siku moja, ndiyo maana mtoto anarudishwa wiki ya kumi na ya kumi na nne.

Walikwenda zahanati wote watatu, baba, mama na mtoto. Hilda alipata homa kidogo, ikaisha kesho yake. Nikodemo alitunza kadi mwenyewe, na hakukosa tarehe hata moja.

Miezi michache baadaye kifaduro kilirudi kitongojini. Watoto wawili walilazwa. Hilda alibaki mzima, ananyonya na kucheka.

Siku ya kuogesha mifugo, wanaume walikuwa joshoni wakizungumzia ugonjwa huo. Gerson, baba kijana, alisema mtoto wake hana shida, kovu analo.

"Na wangu alikuwa nalo," Nikodemo alisema. "Nikasema linatosha. Nilikosea, nikamzika."

Gerson akauliza kliniki ni siku gani.

"Alhamisi," Nikodemo alijibu. "Nitakupitia asubuhi, twende wote."