Sauti ya Mama Sikioni

Mheshimiwa Kachenje alipofungua kinywa uwanjani, hakuna aliyesikia sauti yake. Kila mtu alikuwa na kinong'onezi sikioni, kidude kidogo kama punje ya mtama, ambacho jiji zima lilikivaa toka kuamka hadi kulala. Kilikumbusha wagonjwa dawa, kikaelekeza wageni njia, kikabembeleza watoto. Siku hiyo kilichukua maneno ya mgombea huyo, kikampa kila msikilizaji ya kwake, kwa sauti ya mtu anayemwamini kuliko wote.

Siwema alimsikia marehemu baba yake. Hata kikohozi kilikuwa kile kile.

"Siwema, binti yangu, uliiona mikono yangu ilivyochubuka kwenye ile reli. Leo nani anakaa ghorofa za juu? Tazama rangi yao. Wanakuchekea tu, moyoni wanakuona mtumwa. Na mwanao utawaachia?"

Machozi yakamtoka. Baba hakuwahi kumdanganya. Akapiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Alipogeuka, akamwona Kibibi, bintiye wa miaka minane, ameuchomoa mkono wake mkononi mwa Lin. Lin alikuwa mtoto wa jirani, mjukuu wa mafundi waliotoka China kujenga reli. Watoto hao walikula sahani moja, wakasukwa nywele mkeka mmoja. Sasa Lin alikuwa akirudi nyuma, anamtazama Siwema kwa hofu. Yeye naye kaambiwa nini, na nani, Siwema hakujua.

"We Kibibi! Mwenzio kakufanya nini?"

"Si umeniambia mwenyewe?"

"Nimekwambia nini mimi?"

"Kwamba watu wa rangi yao ni wachukuaji. Leo watachukua mdoli wangu, kesho nyumba yetu."

Siwema akakumbuka. Kibibi alipokuwa mchanga, Siwema alikuwa akishinda kwenye kiwanda cha maji, basi akakipa kinong'onezi sauti yake: nyimbo za kulalia, kucheka, hata kugomba, ili mtoto asilie. Aliahidiwa sauti haitatoka nje ya nyumba. Kina mama wengi walifanya hivyo. Nani angekataa, mtoto analia na wewe uko kazini?

Akachuchumaa, akakitoa kinong'onezi chake akakitupa, akakitoa na cha mtoto, akakishika kiganjani.

"Mama," akamwita, kwa kuwa Kibibi alirithi jina la mama yake mzazi, "yule hakuwa mimi. Mimi sijafungua mdomo."

"Na yeye kaniita mama."

"Ni mashine ile, mwanangu. Imeniiga."

"Mbona ulipiga makofi? Nimekuona."

Lin alikuwa ameshapotea kwenye umati. Kibibi akamtazama mama yake midomo, kama anayemtazama mtu asiyemfahamu vizuri. Kisha akaokota ile punje kiganjani mwa mama, akaifuta kwenye gauni, akairudisha sikioni.

"Basi sema humu," akasema, akiligusa sikio. "Humu ndimo unamosemaga kweli."