Jumbe Mdogo wa Kiongoroni

Harufu ya tope la mikoko ilianzia sebuleni kwa jumbe, siku ambayo maji yalikuwa yamekupwa na ua mzima umekauka. Faudhia alideki, akadeki tena. Harufu haikutoka, kana kwamba kuna mtu katoka mtoni akasimama nyuma ya kiti cha jumbe.

Jumbe mwenyewe alikuwa mtoto wa miaka saba, Sadala, mwana wa marehemu Gharibu, aliyekuwa mdogo wake Faudhia. Wazee wa ukoo walimvisha kilemba cha babake, kikamshukia masikioni, kisha wakamwachia shangazi kazi yote mpaka mtoto abaleghe. Faudhia ndiye aliyeamua magomvi ya wakata mikoko. Faudhia ndiye aliyeshinda na njaa akiwapatanisha wavuvi. Lakini watu wakishapata haki yao walimpita kama nguzo, wakaenda kumbusu mkono yule mtoto aliyekuwa akichezea simu. Wivu ukamla. Kati yake na Gharibu mkubwa alikuwa yeye, na kiti kimempita mara mbili, kwa ndugu kisha kwa mtoto!

Adhuhuri moja nyumba ilikuwa tupu. Akakikalia kile kiti, akanong'ona, "Laiti huyu mtoto asingekuwepo."

Nyuma yake kitu kikavuta pumzi.

"Nimesikia," kikasema.

Tangu hapo Sadala akawa anacheka peke yake, kisha akaacha kucheka, akawa anakohoa maji ya chumvi mchana kweupe, na kila akikohoa ile harufu ya tope ilipanda kutoka kifuani mwake ikajaa nyumba nzima, wala dawa za zahanati hazikufua dafu, mpaka wazee wakapeleka boti kumleta mganga, Bi Muzdalifa.

Muzdalifa alifukiza ubani, akamshika mtoto utosini.

"Nani kakutuma?"

Sadala akajibu kwa sauti nzito ya mtu mzima. "Sikutumwa. Nimealikwa. Na aliyenialika yumo humu ndani."

Wazee wakatazamana. Muzdalifa akasema polepole, "Aliyetamka neno alifute kwa kinywa chake, hapa mbele yenu, nami nitamtoa huyu pepo sasa hivi. Asipofuta, mimi sina uwezo."

Faudhia akafumbua kinywa. Akawatazama wazee, akakitazama kilemba kilichowekwa kitini. Akafumba.

Sauti ya kitoto ikarudi. "Shangazi, mwambie anitoke. Ananibana."

"Pole, mwanangu," Faudhia akasema.

Kabla ya alasiri Sadala akakata roho.

Arobaini ilipopita wazee walimvisha Faudhia kilemba. Akaketi. Vigelegele vikapigwa, watu wakajipanga kumbusu mkono. Wa kwanza alipoinama, Faudhia alihisi ubavu wa baridi, uliolowa, ukijisukuma dhidi ya wake pale pale kitini, na mdomo ukamgusa sikio.

"Sogea," ukamnong'oneza. "Mimi nilikitamani kabla yako."

Mbele ya ukoo mzima, jumbe mpya akasogea.