Mwanamke wa Shaba wa Olmotonyi

Siku ya mnada, Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa alikuwa anauza vyombo vyake arudi kwao, na watu walijaa mpaka barabarani, Arusha nzima! Aika alikuja na gauni la maua aliloshona mwenyewe. Mama Pushpa, mwenye duka alikokuwa anashona nguo, alimtuma kitu kimoja tu: taa ya meza ya zamani, ya shaba iliyopakwa rangi, yenye sanamu ya mwanamke wa shuka jekundu aliyeketi, shavu mkononi.

Aika akataja bei. Kijana mrefu aliyevaa kaki za idara ya misitu akapandisha, tena akapandisha, mpaka nyundo ikagonga, taa ikawa yake.

"Kaka, una roho mbaya wewe!"

"Nisamehe, dada. Njoo nikununulie chai."

"Chai ndiyo nitaiwasha mezani?"

Akacheka, na kicheko chenyewe, jamani! Aika akajikuta anakunywa chai.

Jina lake Lekishon, kazi yake msituni Olmotonyi. Kila Jumatano akawa anapiga simu dukani.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula, ila sijashiba sauti yako."

"Hiyo simu ya biashara, wewe!" Mama Pushpa alikuwa anafoka.

Jumatano moja simu haikulia. Aika akapiga mwenyewe nyumbani kwa Lekishon. Akapokea mwanamke, sauti yake nzito kama mtu aliyeamka sasa hivi.

"Lekishon yupo. Mimi Nanyori, mchumba wake."

Lekishon aliposhuka mjini, Aika alimzuia mlangoni. "Nanyori ni nani?"

Lekishon akapauka. Akageuza uso, akatazama barabarani. Sasa binti wa watu aelewe nini hapo?

"Rudi kwake!" Aika akalia juu ya cherehani mpaka kitambaa kikaloa.

Lakini moyo ukipenda hauna adabu. Alipanda Olmotonyi akamwone huyo mwenzake kwa macho. Nyumbani alimkuta Namnyaki, dada mkubwa wa Lekishon, ametoka kukamua.

"Shikamoo, dada. Namtafuta Nanyori."

Kibuyu kikamponyoka Namnyaki, maziwa yakamwagika.

"Nani kakutajia jina hilo? Sisi Waarusha, mtu akifa hatajwi tena. Huyo tulimzika mwaka juzi, harusi imekaribia."

"Nimeongea naye kwa simu."

"Simu ipi? Mti umeangusha nyaya za simu tangu mvua zianze."

Aika akampita. Akaingia ndani. Lekishon alikuwa ameketi mbele ya ile taa. Nyumba haina umeme, waya wa taa unaning'inia tu, na taa inawaka, mchana kweupe.

"Pale mnadani nilimwona yeye kwenye taa hii," akasema Lekishon. "Alikuwa anakaa hivyo hivyo. Sikuweza kukueleza, Aika. Ni mwiko."

Aika aliogopa. Lakini alimpenda, na aliona wazi kwamba akiondoka hatampata tena.

"Mtaje."

"Wafu hatuwataji."

"Ndiyo maana hajui kwamba amekufa! Nani amemwambia?"

Lekishon akamtazama yule mwanamke wa shaba, machozi yakimtiririka. "Nanyori, ulikufa. Tulikuzika. Nilikupenda sana. Lala."

Mwanga ukafifia, ukazimika. Chumba kikanuka udongo mbichi, kisha harufu ikaisha.

Walikaa sakafuni wameshikana.

"Nikituma wazee kwenu Machame," Lekishon akanong'ona, "watapokelewa?"

"Watapokelewa." Aika akamkumbatia kwa nguvu zote. "Lakini nikitangulia mimi kufa, Lekishon, uniambie."