Dozi ya Mama Pasi

Kila asubuhi mdogo mtu alifua, dada yake akapiga pasi. Majirani walimwita huyo dada Mama Pasi. Hata kitambaa cha jikoni kilitoka mikononi mwake kimenyooka. Lakini siku hizo alipiga pasi amekaa. Miguu ilimvimba, na tumboni alikuwa na uvimbe uliotakiwa kutolewa kwa upasuaji.

Mama Pasi haogopi pasi ya moto. Anachoogopa ni sindano. Siku ya kutoa damu ya vipimo hospitalini, mdogo wake alikwenda badala yake, akatumia jina la dada.

"Si baba yetu mmoja? Damu ni ileile," walisema, wakacheka.

Siku moja kabla ya upasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi alipita wodini. Alisoma karatasi ya vipimo. Kisha akabonyeza mguu wa Mama Pasi kwa kidole gumba. Pakabaki shimo.

"Karatasi inasema protini ya damu iko sawa," alisema. "Mguu unakataa."

"Mguu huo mbishi tangu utotoni," Mama Pasi alijibu, akajikausha.

Mtaalamu akavuta kiti. "Mama, dawa yetu ikiingia kwenye damu, nyingi hushikwa na protini. Inayobaki huru ndiyo inayokulaza. Protini ikipungua, dawa iliyo huru inazidi. Dozi ya kawaida inaweza kukushusha presha, hata kukuzuia kupumua."

Mdogo mtu, aliyekuwa kando ya kitanda, akasogea mbele. Dada akamkata jicho.

"Daktari, damu ile ni yangu," mdogo mtu alisema.

"Mmbea wewe," dada alinong'ona.

"Ninunie, dada. Ilimradi uwe hai."

Mtaalamu hakufoka. "Afadhali umesema leo. Tutapima upya. Tena tunafanya utafiti juu ya dawa hii kwa wenye protini pungufu. Mama, ukikubali, tutaandika humo dozi yako. Ukikataa, utatibiwa vilevile."

Mama Pasi alifumba macho, akanyoosha mkono. Mdogo wake aliushika ule mwingine. Kweli, protini ilikuwa chini, na figo zilikuwa zinaivujisha kwenye mkojo. Akapangiwa pia matibabu ya figo.

Kesho yake dawa ilitolewa polepole, macho yote kwenye mashine. Uvimbe ukatolewa. Alipozinduka, mtaalamu alimwambia, "Umelala kwa dozi ndogo sana kuliko ile ambayo ningeanza nayo kwa kufuata karatasi ya kwanza."

Mdogo mtu akamvutia dada shuka.

"Basi iandike vizuri," Mama Pasi alisema, sauti bado nzito. "Atakayekuja na miguu kama yangu, mumpimie ya kwake."